Mwenye Pombe Hunywa Kwanza

Kalembe, Jumapili, 3 Juni 1956

Mvua imekwisha, vumbi limeanza. Baada ya misa kaka yangu Hakorimana aliniita nyumbani kwake akanipa kile kiti chake kizuri, nami nikajua kuna jambo baya. Hakorimana hampi mtu kile kiti bure.

Kijana wake Hilaire amepata mchumba. Wakwe wanataka mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa bado, na wanamtaka kabla ya Noeli. Kaka hana ng'ombe. Mimi sina hata mbuzi. Tuna kitu kimoja tu cha maana, nacho ni cha wote wawili: shamba la migomba ya pombe aliyotuachia baba. Liko katikati, huku nyumba yangu, kule nyumba yake, na limeshuka mpaka kisimani. Siku za mwisho baba alituita akasema lisigawanywe, wala lisikatwe, mpaka midomo yote miwili iwe imesema.

Leo mdomo mmoja umesema.

"Gatera anatafuta fasi ya kulisha ngombe," kaka akaniambia. "Tukimupa shamba, analeta mutamba hata kesho."

Gatera ni shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, mfugaji wa Burungu. Ng'ombe wake wamemaliza kilima kizima kule na bado wanalia njaa.

"Na kasiksi?" nikamwuliza. Kasiksi ndiyo pombe yetu ya ndizi. Babu aliipika, baba aliipika, na mimi sijui kazi nyingine.

"Kasiksi gani, Evode? Kule Mpofi bote banakunywa chupa. Ya kwako inakunywa bazee na nzi."

Nilisimama, kiti chake kizuri kikaanguka. Nilisema maneno ambayo siyaandiki hapa kwa kuwa nimetoka kanisani. Mwishoni nikamwambia hivi: "Unipe hii kiangazi moya. Mvua ikirudia, utakuta mutamba wa Hilaire. Ukikosa, mi njo nitafungua kinywa yangu."

Akakubali upesi. Upesi huo ndio ulioniumiza. Ina maana anajua nitashindwa.

Jumatatu, 4 Juni

Athanasie, mke wangu, hajasema neno tangu jana. Anayetaka shamba ni ndugu yake wa tumbo moja. Nimemwacha na ukimya wake.

Alhamisi, 7 Juni

Soko la Mpofi. Nilitoka na mitungi mgongoni jogoo wakiwika, nikafika jua likiwa utosini. Nestor, mwenye buveti, kilabu cha pombe pale sokoni, zamani alikuwa akinipokea njiani. Leo nilimkuta anapanga chupa za bia mezani kama padri anavyopanga vyombo vya misa. Kamio, lori la kiwanda, inazileta kila wiki. Wafanyakazi wa kambi ya wachimbaji wanashuka na mishahara yao, wananyoosha kidole tu.

Alinionea huruma akaniruhusu niweke mitungi kwenye baraza. Nikakaa mbali kidogo chini ya ukuta, kama mfanyabiashara, nikisubiri waje. Walikuja. Walichungulia mtungi, wakanitazama, wakaingia ndani kununua chupa. Waliosema chema chajiuza hawakufika Mpofi.

Nimerudi na kila kitu. Kasiksi haingoji mtu. Njiani ilikuwa imeanza kuchachuka, na hapa ninapoandika ni siki.

Jumapili, 10 Juni

Majirani wamemaliza ile siki bila kulipa, wakaisifu.

Alhamisi, 14 Juni

Leo nimeelewa jambo, na ninaliandika lote nisije nikalisahau.

Nilikaa tena chini ya ule ukuta. Mfanyakazi mmoja wa kambi, mrefu, sauti nzito, wanamwita Sebarenzi, aliuinamia mtungi wangu muda mrefu. Nilimwona anameza mate. Kisha akauliza watu wa barazani: "Hii pombe njo ya nani?"

"Ya ule papa kule."

"Kama njo yake, juu ya nini anakaa mbali nayo?"

Wenzake wakacheka, lakini yeye hakucheka. Nami nikahisi kama nimemwagiwa maji ya mtoni. Kwetu Kalembe hata mtoto anajua: mwenye pombe hunywa kwanza. Unamimina, unakunywa mbele ya mgeni, naye akiisha kuona umemeza ndipo unampa. Ni kumwambia hakuna sumu hapa, na kama ipo tutakufa pamoja. Nyumbani siwezi kumpa hata mkwe wangu kikombe ambacho sijakionja. Ila nilipofika Mpofi nilijifanya muuza duka, nikaacha desturi yetu juu ya kilima. Hawa watu wa kambi wametoka kila upande, hakuna amjuaye mwenzake, seuze mimi. Wanaiogopa pombe isiyo na mtu. Chupa wanaiamini kwa sababu ya kile kifuniko: hakijafunguliwa, basi hakuna mkono ulioingia. Mimi nilidhani chupa inanishinda kwa utamu. Si utamu. Ni chungu kama mwarobaini kitu kile.

Nikainuka nikaenda kwenye mtungi. Nikamimina, nikanywa mpaka mwisho, nikafuta mdomo. "Njo yangu," nikamwambia Sebarenzi. "Jina yangu ni Evode, wa Kalembe. Migomba ilipandwa na papa yangu."

Akanyoosha mkono, akanywa, akafumba macho.

Nimerudi na mitungi mitupu. Sijui nilivyopanda ile milima. Nilikuwa ninaimba.

Ijumaa, 15 Juni

Nilikuwa ninaimba kwa sababu nilikuwa nimelewa. Athanasie ameniambia.

Alhamisi, 21 Juni

Mitungi mitupu tena. Lakini desturi yetu imetengenezwa kwa nyumba, haikutengenezwa kwa soko. Nyumbani unakunywa mara moja na wageni wote wanaona. Sokoni kila kundi likifika linataka kuniona nikinywa. Wa kwanza hawajaondoka, wa pili wanasema: sisi hatukuona. Nimekunywa kutwa nzima kama ninapigwa faini.

Jumapili, 24 Juni

Padri amehubiri juu ya ulevi. Hakutaja jina. Hakuhitaji, kanisa lote liligeuza shingo upande wangu. Athanasie alikaa wima, macho kwenye altare. Tulipofika nyumbani alisema: "Papa Euphrasie, uniambie kitu moya. Shamba ikibakia na weye ukienda, mi nitafanya nini na shamba?"

Euphrasie ni binti yetu, ameolewa mbali. Mke wangu ananiita hivyo akiwa na hasira, na akiwa na mapenzi pia, kwa hiyo sikujua ni lipi.

Alhamisi, 5 Julai

Leo nimepata mpagazi nisiyemtarajia. Alfajiri nilikuta mtu amesimama mlangoni na kamba ya kubebea kwenye paji la uso. Hakorimana.

"Mitungi iko mingi," akasema. "Mugongo yako ni moya."

Nilidhani amekuja kupeleleza. Kwenye mteremko wa kwanza alitangulia, nikaiona shingo yake ilivyokaza chini ya ule mtungi, na nywele nyeupe ambazo sikujua anazo. Tulipopumzika aliniambia habari ambayo hakuniambia siku ya kiti. Mchumba wa Hilaire alikwisha kuombwa na mtu mwingine mwenye ng'ombe wengi. Yule binti ndiye aliyekataa, akasema anamngoja Hilaire. Wazazi wake wamempa mpaka Noeli.

"Mi sichukie kasiksi," kaka akasema akitazama chini. "Mi niko na ogopa tu."

Nilitaka kumjibu vizuri. Nikamwambia mtungi wake unavuja. Haukuwa unavuja.

Alhamisi, 12 Julai

Kila kitu kimeisha kabla ya saa kumi. Hakorimana amejifunza kunywa badala yangu kundi likizidi. Nao wanamkubali, sura zetu ni moja. Tukiendelea hivi mpaka mwezi wa nane, mtamba yupo.

Jumatatu, 16 Julai

Gatera alipita kumsalimia dada yake. Aliingia shambani, akapima kwa miguu, akatoka. Nimeongea naye habari za maziwa.

Alhamisi, 19 Julai

Ole wetu. Leo kamio ya chupa ilikuja na mtu aliyevaa kofia nyeupe, amebeba gramafoni. Muziki ukapigwa, na kila aliyenunua chupa moja alipewa ya pili bure. Kwenye ukuta wa Nestor wamebandika picha ya mzungu anayecheka. Kofia Nyeupe alikuja mpaka kwenye mitungi yetu, akainama, akanusa, akauliza kwa adabu kabisa kama hatuoni inzi. Watu wakacheka. Na inzi walikuwapo kweli.

Sebarenzi alikunywa kwetu, yeye na wenzake wachache. Sisi ndugu wawili tulibeba iliyobaki mpaka nyumbani.

Alhamisi, 26 Julai

Gramafoni tena.

Alhamisi, 2 Agosti

Tena. Kasiksi nusu imerudi. Tumeimwaga kwenye migomba, ijinyweshe yenyewe.

Jumamosi, 4 Agosti

Silali vizuri. Nilichokipata Juni na Julai hakitoshi mtamba, kinatosha labda miguu yake. Mawingu yameanza kukaa juu ya msitu upande wa Walikale, mapema mno. Nimeyatukana. Athanasie amenikuta ninatukana mawingu, akaniletea uji.

Alhamisi, 9 Agosti

Nestor aliniita nyuma ya buveti. Ninamwona tofauti siku hizi. Nilidhani ameuza roho yake kwa chupa, kumbe anaogopa: wenye kamio wakiisha kumfanya azoee, wanampangia wao bei, na gramafoni ile haitakaa milele.

"Mwisho wa mwezi kambi yote inalipwa," akaniambia. "Karani wa kambi anataka pombe ya fete yao, mingi, kwa mara moya. Mitungi yako haitoshe. Ukileta ya kujaza fidi hii, nauza yote, na we unapata mutamba yako siku ileile."

Fete ni sherehe, na fidi ni pipa la chuma. Akalipiga teke, likalia kama kengele. Kamio nyingine, ya mizigo, ingelichukua Kalembe asubuhi na kulifikisha Mpofi mapema. Hakuna shingo itakayokazwa.

Nilimkumbatia. Nestor hapendi kukumbatiwa.

Jumapili, 12 Agosti

Lile pipa lilikuwa la petroli. Tumelisugua kwa majivu, kwa mchanga, kwa maji ya moto, kwa ndimu, kisha tukaliacha juani likiwa wazi. Athanasie ameingiza kichwa ndani. "Inanuka," akasema. Nikamwambia kinachonuka ni pua yake. Hakorimana alinusa, akasema yeye hasikii kitu. Mimi pia sisikii kitu. Tulitaka sana kutosikia.

Jumanne, 21 Agosti

Tumekata mikungu yote iliyokomaa, na mingine ambayo ingengoja kidogo. Shimo halijawahi kujaa hivi. Tumelitandika majani, tumefunika, na moshi unaingia polepole kupitia tundu la pembeni ili ndizi ziive sawasawa. Baba alikuwa anasema ndizi zikiiva vizuri zinakuita. Ninakwenda kusikiliza kila mara, mtu mzima, ninalaza sikio kwenye udongo.

Jumapili, 26 Agosti

Tumekamua tangu baada ya misa. Hilaire na wenzake walikanyaga na kufinyanga kwa majani makavu kwenye lile gogo lililochongwa, sharubati ikatoka safi, ya dhahabu. Athanasie amekaanga mtama na kuusaga mwenyewe, wa kuichachusha. Alikuwa anaimba. Sijamsikia akiimba tangu Euphrasie aolewe. Nilijificha nyuma ya nyumba nimsikilize, maana akiniona ananyamaza.

Jumatano, 29 Agosti

Nimeonja kwenye mitungi. Ni kasiksi bora kuliko zote nilizowahi kupika, na ninasema hivyo nikiwa na akili zangu. Hakorimana alionja, akanishika bega, akaacha mkono wake pale.

Kesho alfajiri tunamimina kwenye pipa.

Alhamisi, 30 Agosti

Ninaandika kwa sababu nikilala nitaota.

Kamio ilikuja saa yake. Tulipakia, tukakaa juu ya mizigo, mimi na kaka, pipa katikati yetu limefungwa kamba. Barabara ilikuwa mbaya na jua kali. Kasiksi ilicheza ndani, tukaisikia, tukawa tunacheka kama vijana. Kaka aliniambia jina watakalompa mtoto wa kwanza wa Hilaire. Ni jina la baba.

Mpofi ilikuwa imejaa. Nestor alikuwa ametandika meza nje. Yule mwenye gramafoni hakuwapo. Wafanyakazi wamesimama duara, vikombe mkononi, Sebarenzi mbele yao, na karani wa kambi na suruali yake ya pasi. Wote wanangoja. Wanajua desturi sasa. Walishaizoea kuliko watu wa kwetu. Mtu mmoja akasema, "Tunyamaze, mwenyewe anakunywa."

Nikafungua, nikachota, nikanywa.

Petroli.

Si harufu tu. Ilinishika ulimi, ikapanda puani, ikashuka kifuani. Kasiksi ni kali, inakwangua. Ile safari na lile jua vilikwangua kwenye chuma kila kitu ambacho majivu yetu hayakuweza. Nilimeza. Nilitabasamu. Mungu anisamehe, nilitabasamu, kwa sababu nilimwona mtamba. Nilimwona kwa macho amesimama na kamba shingoni, Hilaire amemshika. Nikajiambia labda ni kikombe cha juu tu. Nikajiambia hawa wanakunywa kila uchafu. Nikamchotea Sebarenzi nikampa.

Hakunusa. Hakuchungulia. Aliniona nimemeza, basi. Alipeleka kikombe mdomoni kama mtoto anayepokea dawa kwa mama yake.

Nikakipiga kwa mkono. Kikaanguka.

"Usikunywe," nikasema. "Imeharibika. Mutu asikunywe."

Mtu mmoja akacheka, kisha wote. Karani alikunja uso akaondoka. Nikamwita kaka, tukalishika lile pipa, tukalilaza. Kasiksi ya shamba zima iliteremka barabarani mbele ya miguu ya watu, ikaingia mferejini, na juu yake kulikuwa na rangi za upinde wa mvua. Nestor alisimama mlangoni, mikono kiunoni. Wafanyakazi waliingia ndani kununua chupa. Siwalaumu. Walikuwa na kiu.

Tumerudi kwa miguu. Kifua kinaniwaka. Kaka alinishika mkono kwenye mawe kama anavyoshikwa kipofu.

Ijumaa, 31 Agosti

Mvua.

Jumamosi, 1 Septemba

Mvua kubwa, imenyesha kutwa. Kiangazi kimekwisha na mtamba hayupo.

Jioni Hakorimana alikuja, koti la gunia kichwani. Nilikuwa kitandani, ninatapika tangu jana. Akakaa kwenye kigoda. Athanasie akasimama mlangoni.

"Evode," akasema, "nilifikiri. Tungojeke kidogo. Nitaenda kwa bakwe, nitabaomba mpaka Pasaka. Batakataa ao batakubali, hatujue. Shamba ibakie."

Haya ndiyo maneno niliyoyataka tangu Juni. Ningekuwa na akili ningelia, ningemshika magoti. Lakini nilikuwa nanuka petroli ndani ya mifupa, na bado nilisikia kile kicheko cha Mpofi, na nikaona ananihurumia. Kuhurumiwa na Hakorimana! Nikakaa kitandani, nikasema:

"Ukate."

"Evode..."

"Sitake huruma yako. Nilisema mvua ikirudia nitafungua kinywa. Njo nimefungua. Ukate. Ukate yote. Nimechoka na hii ndizi, nimechoka na Mpofi, nimechoka na weye."

Athanasie akasema, "Papa Euphrasie, ulale kwanza. Hasira ni hasara."

Nikamwambia aende akamwite ndugu yake aje na ng'ombe zake, si ndicho alichokingoja.

Alinitazama kama ananiona mara ya kwanza. Kaka alikaa muda mrefu, pengine akingoja niseme neno jingine. Akachukua gunia lake akatoka mvuani.

Jumatatu, 3 Septemba

Gatera ameleta mtamba. Mzuri, mweusi, paji jeupe. Hilaire amempeleka kwa wakwe leo leo kabla mto haujajaa. Watu wanne wameanza kukata kutoka upande wa barabara. Mgomba haupigi kelele ukianguka. Unaanguka kama mtu anayekaa.

Jumanne, 4 Septemba

Wanang'oa na visiki. Gatera anajua kazi: ukiacha kisiki ardhini, mgomba unarudi. Ng'ombe wanafuata nyuma yao, wanatafuna mashina.

Nimeshindwa kutoka nje.

Alhamisi, 6 Septemba

Leo sikwenda Mpofi, basi Mpofi imekuja kwangu.

Kamio ya mizigo ilisimama barabarani, Nestor akashuka, suruali amekunja mpaka magotini kwa ajili ya tope. Nyuma yake watu wawili walikuwa wanateremsha mapipa ya mbao, mapya, yananukia ubao. Nilidhani amekuja kunidai fidi yake. Nilitoka nimejitayarisha kugombana.

"Papa Evode," akasema, "unaniua na batu ya kambi. Kila siku: ule muntu iko wapi, ule muntu atakuja siku gani."

"Muntu gani?"

"Weye. Juma yote banasema juu yako. Sebarenzi amezunguka kambi nzima. Anasema chupa ikiharibika, nani atatuambia? Mwenye chupa hatumujue hata sura. Ule mwenye alimwanga pombe yake yeye mwenyewe mbele yetu, ya ule njo tutakunywa." Akapumua. "Karani anataka kila Alhamisi mpaka Noeli, na Noeli yenyewe mara mbili. Nimekuletea mapipa ya mbao. Hii haina petroli, nilinusa mi mwenyewe."

Alikuwa anaongea huku anatembea kuzunguka nyumba, maana anajua shamba liko nyuma. Akafika kwenye kona. Akasimama.

Ilikuwa imebaki mistari michache tu upande wa kisima. Kote kwingine mashimo mekundu yamejaa maji, na ng'ombe wa shemeji yangu wamesimama katikati yake wakitafuna. Hakorimana alikuwa anakuja kutoka upande wa pili. Alikuwa ameiona kamio. Alisikia yote. Akamkimbilia Gatera, akamshika koti, akamwomba. Sijawahi kumwona kaka akimwomba mtu. Gatera si mtu mbaya. Alivua kofia akasema mtamba amekwisha kufika kwa wakwe, amekwisha kupokewa, wamemfunga, wamekunywa. Akirudishwa, ndoa imekwisha. Na midomo miwili ilisema. Aliuliza, si ilisema?

Wote wakanitazama mimi.

"Ilisema," nikajibu.

Nimetafuta wa kumlaumu tangu mchana. Nimemjaribu Nestor na fidi lake, Kofia Nyeupe na gramafoni yake, Gatera, mawingu, baba kwa kutuachia wawili kitu kimoja. Hakuna ambaye lawama inamkaa. Chupa haikunishinda. Nilikuwa nimeishinda, Alhamisi ileile niliyomwaga pombe, na mimi ndiye niliyekuwa sijui.

Nestor aliacha mapipa yake barazani kwangu. Alisema kamio imekwisha kuondoka, atayabebaje.

Ijumaa, 7 Septemba

Nilimwomba Athanasie msamaha. Akasema amesikia. Anapika, ananipa chakula, anakaa upande wa mlango. Haimbi.

Jumapili, 9 Septemba

Wamemaliza. Asubuhi nilifungua mlango wa nyuma, na mwanga ukaingia mpaka kitandani. Miaka yote haujawahi kufika pale.

Mbele yangu kulikuwa na uwanda wa tope, na ng'ombe wawili, na ng'ambo yake nyumba. Nilichukua muda kuelewa ni nyumba ya nani. Tumezaliwa hapa, tumezeeka hapa, na kutoka mlangoni kwangu sikuwahi kuiona nyumba ya kaka yangu. Alikuwa amekaa nje kwenye kiti chake kizuri, amevaa nguo za misa, uso upande huu. Hana pa kujificha naye.

Nilitaka kuvuka niende kwake. Ni karibu, sasa hakuna kinachozuia njia. Nilisimama mpaka kengele ya pili ikalia, na yeye hakuinuka, na mimi sikuvuka.

Athanasie anauliza Alhamisi nitamwambia Nestor nini. Nitamwambia sina.